Miezi Saba ya 1964: Vikosi Vyetu vya Ulinzi Vilikotoka



Iko miezi saba katika historia ya nchi yetu ambayo vijana wengi wanamaliza shule bila kuisikia hata kwa mbali. Ni ile iliyoanza tarehe 25 Januari 1964 ikaishia tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Katika miezi hiyo taifa letu changa halikuwa na jeshi lake la kulitegemea. Walinzi walikuwa Waingereza kwanza, kisha Wanaijeria. Askari wetu wenyewe walikuwa wamenyang'anywa silaha, wengine wako mahabusu, wengine wamerudishwa makwao.

Tukishangilia gwaride uwanjani, tukiona kikosi cha nchi kavu kikipita kwa mwendo wa pole na wa haraka, ndege zikipasua anga juu ya vichwa vyetu, wanamaji na sare zao nyeupe, na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, wakifunga msafara, ni rahisi kudhani kwamba mambo haya yamekuwapo tangu zamani, kwamba tuliachiwa na mkoloni pamoja na reli na bandari. Sivyo. Tulichoachiwa na mkoloni kilituvunjikia mikononi mwaka wa tatu wa Uhuru. Tulichonacho leo kilijengwa upya, na kila tawi lina kisa chake: nani alitusaidia, alitaka nini, na tulimjibu nini. Hicho ndicho ninachotaka tuzungumze leo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliletwa na serikali ya Ujerumani kuzima vita vya Abushiri bin Salim katika pwani ya Pangani na Bagamoyo. Hakuja na askari wengi wa Kijerumani. Aliwaokota wapiganaji wa Kisudani mjini Cairo, akaongeza wengine kutoka Msumbiji, na hao ndio waliokuwa mbegu ya jeshi la kikoloni lililojulikana baadaye kama Schutztruppe. Jeshi hilo lilikuwa la kumtiisha mwananchi, si la kumlinda. Wahehe walilionja mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Iringa, majeshi ya Mkwawa yalikivamia kikosi cha Emil von Zelewski kikiwa safarini na kukisambaratisha, na Zelewski mwenyewe akauawa. Lishikeni jina hilo la Lugalo, tutakutana nalo tena.

Mwingereza alipoichukua Tanganyika katika Vita vya Kwanza, alifanya vile vile. Alikuwa na King's African Rifles yake, KAR, iliyoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Kenya, Uganda na Nyasaland. Batalioni ya sita ya KAR, ambayo ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika, ilianza kwa kuwachukua askari waliokuwa wakimtumikia Mjerumani hadi juzi. Mtu yule yule, bunduki nyingine, bwana mwingine. Wazee wetu wa KAR walipigana Ethiopia, wakapelekwa Madagascar mwaka 1942, wakafika Burma kupigana na Wajapani katika misitu ya mvua na malaria. Ushujaa wao hauna shaka. Lakini hawakuulizwa vita vile ni vya nani.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda, kijana wetu aliyehitimu Sandhurst, alisimamisha bendera na Mwenge juu ya Kilimanjaro. Picha ile tunaijua. Tusiloliangalia sana ni kwamba jeshi alilotoka Nyirenda lilibadilishwa jina tu, likaitwa Tanganyika Rifles. Lilikuwa na batalioni mbili, moja Dar es Salaam katika kambi ya Colito, nyingine Tabora. Kamanda wake alikuwa Brigedia Sholto Douglas, Mwingereza, na maafisa wengi walikuwa Waingereza. Hata kambi ile ya Dar es Salaam ilibeba jina la mahali huko Ethiopia ambapo sajini mzungu wa KAR, Nigel Leakey, aliuawa mwaka 1941 akapewa nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Miaka miwili baada ya Uhuru, askari wa Tanganyika alikuwa akiamka kila siku katika kumbukumbu za watu wengine, akipokea amri kwa lugha ya watu wengine, na mshahara wa shilingi 105 kwa mwezi.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, baada ya saa saba za usiku, king'ora cha hatari kililia Colito. Maafisa walipotoka vitandani kutaka kujua kulikoni, walikutana na mitutu ya bunduki za askari wao wenyewe. Ghala la silaha lilikuwa limekwisha kutekwa. Waliokamatwa walitiwa katika mahabusu ya kambi, na kabla jua halijatua maafisa wa Kiingereza walikuwa wanapakiwa katika ndege kupelekwa Nairobi. Makundi ya askari yalikwisha kuingia mjini yakashika uwanja wa ndege, kituo cha redio na Ikulu. Madai yao yalikuwa mawili: mshahara upande hadi shilingi 260, na maafisa wazungu waondoke.

Mwalimu Nyerere na Rashidi Kawawa walivushwa ng'ambo, Kigamboni. Aliyebaki kuwakabili askari ni Oscar Kambona, waziri aliyeshika mambo ya nje na ulinzi. Alikwenda kambini, akasimama mbele ya watu wenye silaha na hasira, akazungumza nao. Lolote tutakalosema juu ya Kambona kwa yaliyotokea baadaye kati yake na Mwalimu, siku ile aliweka roho yake rehani. Mjini maduka yalivunjwa, mali ikaporwa, watu wakauawa. Kesho yake Tabora nayo ikaasi. Siku chache baadaye Jinja, Uganda. Kisha Lanet, Kenya. Mafuta ya KAR yaliwaka kotekote.

Mwalimu alikaa siku kadhaa akitafuta njia ya kumaliza jambo lile bila kumwita mkoloni wa jana. Zilipofika habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wameanza kuzungumza na waasi, njia zikamwishia. Aliomba msaada wa Uingereza. Alfajiri ya tarehe 25 Januari helikopta ziliruka kutoka manowari ya Centaur iliyokuwa nje ya pwani yetu, zikateremsha makomando kando ya Colito. Brigedia Douglas, aliyekuwa amejificha tangu usiku wa maasi, aliwatangazia askari wake kwa kipaza sauti wajisalimishe. Chumba cha walinzi kikapigwa kwa roketi. Haikuchukua muda mrefu, wengi wakaweka silaha chini.

Msikilizaji, hebu pima uchungu wa kiongozi aliyekuwa mstari wa mbele kudai Afrika ijilinde yenyewe, kisha akalazimika kuokolewa na makomando wa Kiingereza. Mwalimu hakuuficha uchungu huo. Aliitisha mkutano wa mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika hapa Dar es Salaam mwezi wa Februari, akaeleza kilichotokea, na akaomba Waingereza wapokelewe na Waafrika. Nigeria ikaitikia, ikaleta batalioni yake, ikatulinda hadi Septemba. Deni hilo kwa Nigeria hatulitaji mara nyingi kama tunavyopaswa.

Lakini uamuzi mkubwa zaidi alikwisha kuutangaza siku ile ile ya tarehe 25 Januari, kwa redio. Aliwaita vijana wa TANU, Umoja wa Vijana, waende ofisi za chama wajiandikishe: kiini cha jeshi jipya kitoke kwao. Hapa ndipo historia yetu ilipopinda kona. Mkoloni alikuwa akichagua askari kwa kabila alilodhani ni la wapiganaji na kwa kutojua kusoma. Sasa kijana aliulizwa kama anaipenda nchi na anaelewa inakwenda wapi. Afisa kijana kutoka Meru, Mrisho Sarakikya, mhitimu mwingine wa Sandhurst, akapewa cheo cha Brigedia na kuliongoza jeshi ambalo kwa kweli lilikuwa bado halijakuwapo. Alikaa katika uongozi huo hadi mwaka 1974, akamwachia Abdallah Twalipo.

Tarehe 26 Aprili ukaja Muungano, na wapiganaji wa Zanzibar, waliotoka katika Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, wakaingia katika hesabu. Kuwaunganisha watu waliofunzwa namna mbili tofauti, waliozoea amri mbili tofauti, ilikuwa kazi ya miaka. Zanzibar ilibaki na vikosi vyake maalumu, KMKM na JKU na wenzake, ambavyo hadi leo viko chini ya Serikali ya Mapinduzi na si sehemu ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Nasema hivyo kwa sababu watu huvichanganya. Tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania likazinduliwa rasmi. Na Colito? Colito ikawa Lugalo. Pale ambapo palikuwa na ukumbusho wa sajini wa Mfalme wa Uingereza, pakawekwa ukumbusho wa Mkwawa.

Sasa wa kuwafunza vijana hawa ni nani? Mwalimu aliamua asimtegemee mtu mmoja. Mwezi wa Agosti mwaka huo walikuja walimu wachache kutoka China, na nchi za Magharibi zikapiga kelele kana kwamba Beijing imehamia Dar es Salaam. Mwalimu aliwajibu waandishi wa habari kwamba hatari kubwa kabisa ni jeshi kuasi, na jeshi lake lilikwisha kuasi mwezi Januari, wala halikufunzwa na Wachina. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa majibu bora kuwahi kutolewa na kiongozi wa Afrika katika zama zile, kwa sababu halikuwa na matusi na halikuacha la kujibu.

Tawi la anga ndilo lililopita katika misukosuko mingi zaidi. Lilianza kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1964: ndege ndogo, walimu, na vijana wetu kupelekwa kusoma. Zanzibar kabla ya Muungano ilikwisha kuitambua Ujerumani ya Mashariki, na Bonn ilikuwa na msimamo kwamba anayeitambua Berlin ya Mashariki hana urafiki na Bonn. Mwalimu alitafuta njia ya katikati, akairuhusu Ujerumani ya Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Haikutosha. Mwanzoni mwa 1965 Wajerumani wa Magharibi waliwaondoa walimu wao wa anga kwa ghafla, kazi ikiwa nusu. Walidhani tutapiga magoti. Mwalimu akawaambia basi waondoke na misaada mingine ya serikali yao pia. Nchi maskini ilikataa fedha kwa hiari yake ili isionekane kwamba sera yake ya nje inanunulika. Sijui kama leo tungeweza.

Kanada ikashika nafasi. Kuanzia mwaka 1965 hadi mwanzoni mwa 1970 Wakanada walifunza maafisa wa nchi kavu na marubani, wakaleta ndege za usafiri za Otter na Caribou, zinazoweza kutua katika viwanja vifupi vya vumbi, na hivyo ndivyo viwanja tulivyokuwa navyo mikoani. Ndege zile hazikuwa za kupigana. Ndege za kivita zilikuja na Wachina katika miaka ya 1970, pamoja na kituo cha Ngerengere, Morogoro. Mrengo uliozaliwa kwa Mjerumani, ukalelewa na Mkanada, ukaota makucha kwa Mchina: hiyo ndiyo Kamandi yetu ya Anga.

Jeshi la majini kisa chake ni kifupi zaidi. Nchi yenye pwani ya zaidi ya kilometa 1,400, na Maziwa Makuu matatu mipakani, iliingia katika Uhuru bila manowari hata moja. Wachina ndio waliotujengea kambi ya wanamaji mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakatuletea boti za mizinga za aina ya Shanghai na boti za kurusha topido. Kambi hiyo ilijengwa Kigamboni, upande ule ule wa maji ambako Mwalimu alivushiwa usiku wa maasi.

Tawi lenye umri mkubwa kuliko yote, na wengi hawalijui hili, ni Jeshi la Kujenga Taifa. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya JWTZ yenyewe. Wazo lilitoka kwa Umoja wa Vijana wa TANU, na waliotusaidia kuliweka sawa walikuwa Waisraeli, kwa mfano wa vikosi vyao vya vijana wanaolima na kulinda. Kwanza ilikuwa ya kujitolea. Mwaka 1966 Serikali ikaamua wanaomaliza vyuo waende kwa lazima, na wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana mwezi Oktoba hadi Ikulu. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza chuo wakarudi vijijini kwao. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamelalamika juu ya mishahara minono ya wakubwa, akaukata mshahara wake na wa mawaziri kwa asilimia 20. Vijana walijifunza, na wakubwa nao walijifunza.

Aliyepita Ruvu, Makutupora, Oljoro, Mafinga au Bulombora hahitaji kuelezwa JKT ni nini. Mchakamchaka kabla ya mapambazuko, nyimbo, jembe mpaka jua la utosi, kwata, bunduki, na chakula ambacho ukichelewa hukipati. Mtoto wa waziri analala kitanda cha juu, mtoto wa mvuvi wa Mafia analala cha chini, na afande hamjui baba wa yeyote. Mwaka 1975 JKT iliunganishwa na JWTZ. Mwaka 1994 mafunzo ya mujibu wa sheria yakasitishwa kwa ukata, yakarudi mwaka 2013. Naamini hasara ya miaka ile 19 ilikuwa kubwa kuliko fedha zilizookolewa. Kilikua kizazi kizima cha wasomi ambao hawajawahi kushika jembe moja na mtu wa mkoa mwingine.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia sehemu ya Kagera mpaka mtoni, yakaua raia, yakaiba ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, na maneno yake ya siku ile kuhusu uwezo, sababu na nia, hakuna Mtanzania asiyeyajua. Ninachotaka tukumbuke ni kwamba uwezo huo ulikuwa na umri wa miaka 14 tu. Jeshi lilipanuka kwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT hadi kupita watu 100,000. Walivuka mto, wakatembea kwa miguu kwenda Masaka, wakapambana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin pale Lukaya mwezi Machi 1979, na David Musuguri akiongoza divisheni ya 20. Ndege ya Libya ilipokuja kuipiga Mwanza mwishoni mwa mwezi huo, mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama wa hifadhi, na ndege zetu zikajibu kwa kuipiga Uganda siku chache baadaye. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Wengi hawakurudi. Pale Kaboya, wilayani Muleba, makaburi yao yamepangwa kwa mistari iliyonyooka. Na Naliendele, Mtwara, wamelala wale waliokufa Msumbiji katika miaka ya 1980 wakiisaidia serikali ya nchi ile dhidi ya waasi wa Renamo. Wadogo zao walikwenda Anjouan mwaka 2008, wakaenda Kongo Mashariki mwaka 2013, na mwezi Desemba 2017, kule Semuliki, wasiopungua 14 waliuawa kwa siku moja wakiwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.

Kuna uamuzi mmoja wa mwisho ambao haukupigiwa ngoma. Kwa muda mrefu askari alikuwa mwanachama wa chama, kwanza TANU au ASP, kisha CCM, na jambo hilo lilitokana moja kwa moja na dawa iliyotumika mwaka 1964. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, Katiba ikabadilishwa, na mwanajeshi akapigwa marufuku kujiunga na chama chochote cha siasa. Dawa ya 1964 ilifaa kwa ugonjwa wa 1964. Leo askari wa wananchi wote hawezi kuwa wa chama kimoja, na sharti hilo linastahili kulindwa na sisi raia kwanza, hasa misimu ya uchaguzi inapofika.

Nina ombi kwako, msikilizaji. Kijana aliyejiandikisha katika ofisi ya TANU mwaka 1964 akiwa na miaka 20 sasa ni mzee wa zaidi ya miaka 80. Wengi wamekwisha kututoka, na mengi ya mambo haya yameandikwa na wageni kwa kutumia barua za mabalozi wao. Kama nyumbani kwenu yuko babu aliyekuwa Colito, bibi aliyepita JKT katika zile operesheni za kwanza, mjomba aliyevuka Mto Kagera au fundi aliyezihudumia Caribou, washa simu yako wiki hii, mrekodi. Muulize jina la kambi, jina la kamanda wake, alikula nini, alilipwa kiasi gani, na nani hakurudi naye. Kisha ipeleke nakala moja kwenye maktaba ya mkoa wako, na nyingine mpe mwalimu wa historia wa shule iliyo jirani nawe.